Neno alilotaka mama mkwe wangu ukutani

Admin, naomba jina langu lisionekane, na mtaa usiutaje, sema tu ni pembezoni mwa mji wa Kasulu. Watu wa hapa wanasoma sana huu ukurasa, na mimi bado naishi nao.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike. Kazi yangu ni kuchora mabango: saluni, duka la dawa, kibanda cha chipsi, ukinipa ukuta mimi nachora. Baba yangu alihamia huku kutoka Tabora, kwa hiyo Kiha nakisikia juu juu tu, nikitaniwa ndiyo naelewa haraka. Tunaishi na mume wangu kwenye nyumba ya mama yake, ambaye mtaa mzima unamjua kama Muha wa Kibondo aliyeolewa huku zamani.

Mwaka huu walikuja watu wakapiga X nyekundu kwenye nyumba zetu, zibomolewe. Barabara, wakasema. Tukauliza kuhusu fidia, wakasema tuko kwenye hifadhi ya barabara, hatulipwi. Watu walilia sana, mimi sikulia. Nilisimama naangalia ile X nikawaza kwamba aliyeipiga hajui kushika brashi, rangi imechuruzika mpaka chini. Tangu siku hiyo niko hivyo hivyo, nakula, nalala, nachora, lakini ndani hakuna kitu.

Majirani wakakubaliana tusirushe mawe wala kufunga barabara. Siku wakubwa wakija kukagua, kila familia ikae mbele ya nyumba yake, kimya, na ukuta ndio useme. Kazi ya ukuta nikapewa mimi. Zile X sikuzifuta, nilizigeuza. Kwa fundi seremala ikawa misumeno miwili imepishana. Kwa mama muuza dagaa ikawa samaki wawili. Kwingine mtu amenyoosha mikono juu na kutanua miguu, na watoto wakawa wanasimama pembeni yake wanamuiga. Watu walianza kuja kupiga picha, na kwa mara ya kwanza mtaa ukacheka kidogo.

Mama mkwe hakutaka picha. Alisema, "Mwana wanje, mwanangu, mimi niandikie neno moja tu. TUHAME. Kubwa." Nikajua anawauliza wakubwa swali la kejeli, yaani tuhame twende wapi? Nikaandika TUHAME na alama ya kuuliza mwishoni, nzuri, imejikunja vizuri. Mama hajui kusoma sana lakini aliitazama akaniuliza, "Hiyo ndoano ni ya nini?" Nikamwambia ni ya kuuliza. Akasema, "Siulizi. Itoe." Nikachukua thina nikaitoa. Mama mkwe habishiwi.

Wakubwa walikuja. Tulikaa kimya kama tulivyopanga. Mmoja wao akapiga picha ukuta wetu, na jioni picha ikawa kwenye grupu la mtaa ikiwa na maneno haya: "Wananchi wenyewe wameridhia kuhama." Admin, simu ililia mpaka nikaizima. Fundi seremala, ambaye ni rafiki wa familia, alikuja mlangoni akasema, "Shemeji, kama mmeshanunuliwa mngetuambia tu." Nilitaka kukasirika, hasira haikuja.

Nikamuuliza mama kwa nini ametufanyia vile. Akashangaa kweli. "Kwani wamelisoma kwa Kiswahili? Mimi nilisema la kwetu, kukaa palepale. Usitikisike." Mume wangu akainamisha kichwa. Ndipo nikaambiwa. Mama si Muha wa Kibondo. Alikimbia Burundi akiwa binti, na kwa Kirundi guhama ni kubaki. Uraia alishapata miaka mingi, karatasi zake ziko safi, ila walikubaliana na marehemu baba mkwe wasiseme. Nimeishi nyumba moja na huyu mama tangu niolewe na hakuna aliyeniambia. Najua nilitakiwa kuumia. Nilihisi tu mikono imekuwa mizito.

Sasa kuna mkutano wa mtaa Jumamosi. Nikisimama nikaeleza maana ya neno, ile picha haitakuwa na nguvu tena na majirani watajua hatukuwasaliti. Nilimwambia mume wangu tuseme ni Kiha. Akasema, "Waha ndio wamejaa pale. Wao kubaki ni kuguma, wangeandika tugume, watajua tunadanganya. Ukifungua mdomo wataanza kusema sisi wakimbizi, turudi kwetu. Fidia ikija kupatikana watapewa wote, sisi tuambiwe tulivamia. Na mtoto shuleni ataitwaje?" Anataka nipake chokaa ukuta wote, tunyamaze. Simlaumu, ni mtu mwoga lakini anaogopa kwa ajili yetu.

Leo asubuhi mama amenifuata nikiwa naosha brashi. Akasema, "Usifute. Ongeza. Andika TUHAME HANO, HANO NI IWACU. Tubaki hapa, hapa ni kwetu. Andika yote kwa Kirundi, asikosee mtu." Nikamkumbusha anachosema mwanawe. Akajibu taratibu, "Nimeitwa Muha miaka yote nikaitika. Kama wanaivunja hii nyumba, waivunje wakijua ni ya nani."

Mume wangu alikuwa mlangoni, amesikia. Amesema nikiandika hayo maneno ya Kirundi, nimechagua upande, na yeye atamchukua mtoto ampeleke kwa shangazi yake aliyeolewa Kibondo kabla ya mkutano. Mama ameshatoa stuli nje, amekaa mbele ya ukuta ananisubiri nianze.

Ndugu zangu mnaosoma, msinipe pole, pole hazinifikii kwa sasa. Niambieni tu kama mngekuwa ninyi: mngemuandikia huyu mama, au mngepaka chokaa?