Vijiti vya Kugawia Mistari

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, nilipovunja vijiti mbele ya wachumaji wangu na kuwaambia kwamba mambo ya kubahatisha yamekwisha.

Nilikuwa kijana, nimetoka Uarabuni na diploma ya usimamizi niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha magari juani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Shamba la Kapkatet nililinunua kwa jasho langu, na mpaka leo hujaona chai iliyotunzwa kama yangu upande huu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Basi kila asubuhi wachumaji walikuwa wakivuta vijiti kugawana mistari. Juu, karibu na barabara, michai ilikuwa michanga, imejaa. Bondeni ilikuwa imezeeka, magugu hadi kiunoni, utelezi, na umande wa kukufisha vidole ganzi. Ukivuta kijiti kifupi unateremka. Kesho huenda ukabaki juu. Mimi msomi nikauona huo ni ushamba. Nikaanza kugawa mwenyewe. Mistari ya juu nikampa binamu yangu Weldon na mkewe, siku baada ya siku. Bondeni nikampeleka Recho, mama aliyekuwa na mikono mizuri kuliko wote, nikijiambia kwamba yeye ataweza.

Wiki ya tatu karani wa kituo cha chai alimwaga majani yangu mbele ya majirani. Yalikuwa yamekomaa badala ya kuwa machanga, yamejaa vikonyo. Akayakataa yote. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi nilisingizia mvua. Kisha nikamfuata Recho, nikamuuliza kama siku hizi anachuma akiwa amefumba macho.

Hakupandisha sauti.

"Bwana Diploma," aliniambia, "kijiti kikinituma bondeni nilisema ni bahati yangu, nikachuma vizuri. Sasa si bahati. Ni wewe. Na wewe sikuchumii tena."

Akavua aproni yake ya plastiki, akaitundika kwenye ua, akaenda kuchuma kwa jirani.

Kesho yake nilipofungua magunia ya kila mchumaji moja moja, nikakuta majani mabovu kabisa ni ya Weldon. Alijua hakuna wa kumuuliza, akawa anang'oa kama anayekatia ng'ombe nyasi. Mchuma janga hula na wa kwao. Nilirudisha vijiti wiki ile ile. Recho hakurudi, na kwa miaka nilisikia chai ya jirani ikisifiwa, nikimeza mate machungu.

Sasa nawe umefanywa msimamizi kiwandani, na nasikia shemeji yako amekalishwa kwenye mashine huku wenzake wakibeba magunia kutwa. Halafu unakuja kwangu kulalamika kwamba watu ni wavivu? Usinikasirishe. Wavivu hao umewatengeneza wewe, kama nilivyowatengeneza wangu, nami nilikuwa na diploma.

Mtu huvumilia kazi ngumu, mwanangu. Kuonewa havumilii; hata akinyamaza, mikono yake imeshakuacha. Kazi nzito iende kwa zamu, na shemeji yako aanze kesho, wote wakiona. Anayefanya vizuri msifu angali kazini, si akishatundika aproni.

Mungu akupe jicho lisilochagua ndugu, na akupe watu watakaokufanyia kazi safi hata ukiwa umewapa mgongo. Haya, nenda. Gunia la kwanza la shemeji yako linamsubiri.