Chupa Nne za Nyanya Mbichi

"Umemwona nani akiumwa?"

Bibi Monika aliniuliza hivyo huku akipanga nyanya za kijani kwenye ungo, bila kuinua macho. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasomea sayansi ya chakula, na nilijiona mtu asiyeshindwa na swali. Lile lilinishinda.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa tumepishana miaka kumi na minne tu. Mama yako ni dada yangu, na wewe mwenyewe umezoea kuniita mama mdogo. Sijafika umri wa kutoa nasaha, na nyingi nilizopewa nilizibishia. Lakini juzi mezani nilikusikia ukimwambia babu yako kwamba dawa yake ya kikohozi ni ujinga mtupu, nikauona uso wake. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia habari za Jumapili moja pale Ruvu.

Sisi tulikaa Tumbi, lakini mama alifundisha shule ya msingi Ruvu, kwa hiyo tulisali huko, kwenye kanisa dogo la Kilutheri. Bibi Monika alikuwa muumini wa siku nyingi pale. Alizaliwa Kurui, kule Kisarawe, akaolewa Ruvu, na baada ya mumewe kufariki aliendelea kulima bustani ya nyanya bondeni, karibu na mto, pamoja na binti yake Salome na wajukuu watatu. Mwaka ule masika yalikuja kwa nguvu. Mto ukapanda bustanini nyanya zikiwa bado za kijani. Majirani waliziacha ziende na maji. Bibi na Salome waliingia, maji yakiwa magotini, wakachuma kila nyanya iliyofikia ukubwa wa yai.

Nyanya mbichi sokoni haina mteja. Basi akazipika chachandu, akaijaza kwenye chupa za kioo alizoziosha, na Jumapili akaleta chupa nne kanisani. Ndilo lilikuwa limbuko lake. Msimu ule hakuwa na kitu kingine cha kumtolea Mungu.

Unajua mambo ya mnada wa kanisani. Baada ya ibada watu husimama uwanjani, na kila kilichotolewa sadaka hunyanyuliwa na kunadiwa, iwe mkungu wa ndizi au mayai matatu. Wakati mwingine mtu hununua kitu kisha akakirudisha kinadiwe tena. Pale kwetu hakuna sadaka iliyowahi kurudi nyumbani na mwenyewe. Hata boga lililooza upande mmoja lilipata mtu.

Mnadishaji alikuwa Mzee Eliya, mzee wa kanisa mwenye maneno mengi. Akainua chupa ya kwanza juani.

"Chachandu ya Bibi Monika. Asiyeitaka asijikune kichwa, nitamwandika."

Watu wakacheka. Nami nikanyoosha mkono, si kwa kununua.

"Samahani, mzee. Hizo ni nyanya mbichi?"

"Mbichi kabisa, binti yangu. Ndiyo utamu wake."

"Nyanya mbichi zina sumu."

Nilisema kwa sauti ya kusikika, kama ninavyosema darasani. Nikaeleza kwamba kiazi kilichogeuka kijani kina sumu, na kwamba nyanya na kiazi ni ukoo mmoja. Nilikuwa nimesoma habari za kiazi. Za nyanya nilijiongezea mwenyewe, palepale, na zikatoka mdomoni zikiwa na uzito uleule.

Bibi Monika alikuwa amekaa kwenye benchi la akina mama. Akasema taratibu, "Mbona mimi nakula tangu nilipoolewa?"

"Sumu nyingine haziui siku hiyohiyo, Bibi. Zinakaa mwilini, zinafanya kazi polepole."

Mzee Eliya aliita bei mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu waliangalia chini. Mwishowe aliziweka zile chupa chini ya meza, akamchukua jogoo, na mnada ukaendelea. Tulipoondoka nilimwona Bibi akizipanga moja moja kwenye ndoo yake, akazifunika na khanga.

Mama alisubiri mpaka tulipofika nyumbani.

"Wewe umesoma, sikatai," alisema akivua viatu. "Sasa Jumanne utakwenda Ruvu. Utamwamkia, utakaa, na hutaondoka mpaka akuruhusu mwenyewe."

"Mama, nilikuwa nawalinda watu."

"Sijakuuliza ulikuwa unafanya nini. Nimekwambia Jumanne."

Nilikwenda nimenuna. Nilimkuta Bibi uani akichambua zile nyanya zilizobaki. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida, akanisogezea kigoda. Nilianza tena maelezo yangu ya viazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaniuliza lile swali. Umemwona nani akiumwa?

Nikasema nimesoma. Akauliza kama kitabu kilimtaja mtu aliyekula nyanya mbichi zilizopikwa, akaumwa nini, na baada ya muda gani. Aliuliza kwa utulivu, kitu kimoja baada ya kingine, kama mtahini mkali kuliko walimu wangu wote. Nilidhani ananikomesha. Nilijibu "sijui" mara nne nikiangalia vidole vyangu vya miguu.

"Basi nenda ukajue," akasema. "Ukishajua, njoo uniambie. Usichelewe."

Mwanangu, huo ndio ulikuwa mwanzo wangu wa kusoma kweli. Nilifungua daftari langu, na huwezi kuamini: mstari mmoja juu ya kiazi, na hakuna hata neno juu ya nyanya. Nilisoma usiku na mchana kwenye simu, nikampigia mwalimu wangu wa kemia ya chakula. Aliniuliza kwa nini nahangaika. Nikamweleza kila kitu, hata sehemu ya kuniaibisha. Akanifafanulia kwamba kilichomo kwenye nyanya ya kijani si kile cha kiazi. Mwili wa binadamu hukipokea kidogo sana, na watu wa nchi nyingi hupika nyanya mbichi na kula bila shida. Majani na mabua ndiyo tusile. Kijiko cha chachandu pembeni ya wali hakina la kuogopesha.

Ijumaa asubuhi nilirudi Ruvu. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, lakini nilipomwona yakanipotea.

"Bibi, nilikosea. Hazina madhara."

"Rudia."

"Nilikosea. Hata ukila miaka mingi. Nilichanganya na viazi."

"Na mtoto mdogo je, akila?"

"Kijiko cha pembeni hakiwezi kumuua, Bibi. Labda pilipili imlize."

Aliniambia nirudie mara ya tatu, na mimi nikaona ni haki yake, ananitoza kwa yale ya Jumapili. Kisha alikaa, mikono mapajani. Baadaye akasema, "Haya, chukua kisu."

Siku ile nilijifunza kupika chachandu. Unachagua nyanya ngumu iliyoanza kung'aa na kuwa nyeupe kidogo karibu na kitako. Ile ndogo ya kijani kibichi sana unaiacha. Unakata vipande vyembamba, unanyunyiza chumvi na kuziacha zitoe maji wakati unamenya vitunguu na tangawizi. Halafu zinaingia sufuriani na sukari, siki, maji ya ukwaju na pilipili mbuzi, juu ya moto mdogo wa mkaa. Nilitaka kujua ni dakika ngapi. Bibi akasema hapiki kwa saa. Ukipitisha mwiko na ukaona njia yake chini ya sufuria inabaki wazi kidogo kabla ya kufunikwa, epua. Nilibisha kwamba hicho si kipimo. Nilipima kwa simu yangu, na sufuria tatu zilitofautiana dakika nyingi, lakini zote zilikuwa na uzito sawa. Nikaacha kubisha, nikaandika habari za mwiko.

Jumapili nilimwomba Mzee Eliya nafasi kabla hajaanza kunadi.

"Wiki iliyopita nilisema chachandu ya Bibi ina sumu," niliwaambia. "Sikuwa najua. Nilikisia, nikasema kama ninajua. Haina sumu."

Fundi baiskeli mmoja akasema kutoka nyuma, "Kwa hiyo matumbo yetu leo yameruhusiwa?"

"Mtaalamu aonje kwanza," Mzee Eliya akasema, akafungua moja ya chupa tulizojaza Ijumaa.

Nilikula kijiko kizima. Pilipili ikanipanda puani, machozi yakanitoka.

"Tayari ameanza kuumwa," akasema mama mmoja wa kwaya, na uwanja mzima ukacheka, Bibi Monika akiwa wa kwanza. Fundi baiskeli na mama wa kwaya walishindana kwa chupa ile mpaka Mzee Eliya akapaaza sauti kuliko alivyofanya kwa jogoo. Aliyeshinda aliirudisha, ikanadiwa tena.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikuambii uache kuuliza; mimi bado nauliza, na mama yangu bado anachoka nami. Nakuambia uanze kuuliza daftari lako mwenyewe. Kabla hujamwambia mtu kwamba alichoishi nacho miaka yote ni ujinga, jiulize ni kipi ulichokisoma na kipi ulichojiongezea. Ukikosea mbele za watu, sahihisha mbele za watu hao hao, mapema, hata wakikucheka. Na kumbuka kwamba watu wanawaamini waliosoma kuliko tunavyodhani. Wengine hawatakubishia. Wataondoka na neno lako, walibebe peke yao.

Mungu akupe akili isiyolala na ulimi unaojua kusubiri. Akujalie walimu wasiokuogopa, na wazee wa kukuambia rudia. Nenda chuoni kwa amani, urudi kwa amani.

Bibi Monika tulimzika mwaka juzi. Tulipokuwa tunaosha vyombo baada ya mazishi, Salome aliniambia jambo ambalo mama yake hakupenda lisemwe. Kati ya ile Jumapili na ile Ijumaa, Bibi aliwakataza wajukuu kugusa zile chupa nne, akawa anakula chachandu mwenyewe, mchana na jioni, akisubiri aone kama ataumwa. Alikuwa na mtoto mmoja aliyefariki kwa maradhi ya tumbo kabla Salome hajazaliwa, mtoto aliyeipenda sana chachandu ile, na siku zote tano alikuwa anajiuliza kama ni yeye aliyemuua.