Jino Lililoniaibisha Kwenye Mazishi ya Mama Mkwe

Hii stori siipendi, na kama hamngeniuliza hili kovu chini ya kidevu limetoka wapi, ningeendelea kuvaa skafu yangu (ndiyo, mwanaume mzima, skafu, hata jua likiwaka). Mimi ni mzee wa kanisa na pombe sijawahi kumeza, lakini nenda Kiptere, kwa wakwe zangu, leo uulizie yule mkwe aliyelewa mazishini, utaelekezwa mpaka kwangu Chepilat.

Ilianza na gego la chini, upande wa kulia, lililokuwa na shimo kitambo. Mama mkwe alipofariki lilikuwa linaniuma wiki ya pili, na Alhamisi nikaamka shavu limefura, nikaenda dispensari. Daktari alikuwa msichana mdogo (nilimdharau kidogo, nakubali). Akanibonyeza chini ya taya, halafu akasema, "Mzee, hapa kuna usaha na unashuka shingoni. Nenda kwa daktari wa meno Kericho leo." Nikamwambia mazishi ni Jumamosi na mimi ndiye nasoma historia ya marehemu, nitaenda Jumatatu. "Leo, mzee," akarudia. Nikanunua dawa za maumivu dukani, nikarudi nyumbani. Nilikosea hapo tu.

Jumamosi asubuhi kufungua mdomo ni shida, kumeza mate ni shida, na jirani mmoja akanionea huruma, akanipa kachupa ka dawa ya kikohozi kamejaa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. "Usimeze, sukutua tu, jino litakufa ganzi." Nikaitia kwa mfuko wa koti. Tulipofika Kiptere nikajificha nyuma ya zizi la ng'ombe nikasukutua, na kwa vile mdomo haukuwa unafunguka vizuri, nusu ikanimwagikia kwa tai na koti. Hebu fikirini, mzee wa kanisa amekaa mstari wa mbele karibu na pasta, ananuka chang'aa, na ganzi yenyewe haijaja.

Jina langu likaitwa. Nikasimama, mwili umejaa joto, tenti inazunguka, nikaingiza mkono mfukoni kutoa karatasi, na ile chupa ikatoka nayo ikaanguka miguuni pa pasta. Nikataka kusema ni jino, lakini ulimi ulikuwa umeinuka ukajaa mdomo wote, kwa hivyo kilichotoka kwa maiki ni mlio tu, na mate yananitiririka mpaka juu ya historia ya mama wa watu. Mtu akacheka huko nyuma.

Shemeji yangu Kipkoech akaninyang'anya karatasi. "Leo, Wilfred? Siku ya mama?" Alisema polepole, machozi yanamtoka, nikatamani angenipiga.

Wanaume wawili wakanitoa, wakanilaza kwenye nyasi kando ya shamba la chai. Nikilala chali pumzi inakatika, nikiinuka nikae wananisukuma chini tena, "Lala, pombe ishuke." Nilijua ninakufa. Nilikuwa nasikia kwaya ikiimba ndani ya tenti, na mimi neno moja la kujitetea siwezi kutoa.

Aliyeniokoa ni mke wangu, Chebet. Alikuja kunigombeza (aliniambia baadaye, matusi alikuwa ameshayapanga), akaniona nimejishika shingo, akanigusa, shingo ni ngumu kama ubao na inachoma. "Huyu hajalewa! Huyu hapumui! Leteni gari!" Gari iliyokuwa karibu ni pikapu iliyoleta viti. Akapanda nyuma na mimi, akanikalisha wima, akanishikilia hivyo mpaka Kericho.

Hospitalini walinipasua chini ya kidevu wakatoa usaha, wakaniwekea mpira wa kupumulia, wakang'oa gego. Daktari alimwambia Chebet kwamba tungechelewa kidogo tu angerudi nyumbani mjane. Nilikaa wodini siku tisa. Kipkoech alikuja, na kwa sababu sikuweza kuongea nilimwandikia "pole" kwa karatasi, akaisoma, akaikunja, akatoka nje kulia.

Hizo za kuitwa mlevi nimezizoea. Kinachoniuma ni kwamba saa ile ninapasuliwa ndiyo saa mama mkwe aliteremshwa kaburini, na Chebet, kitinda mimba wake, hakuwepo hata kumtupia udongo. Alikuwa amekaa kwa benchi nje ya chumba cha upasuaji, ameshikilia koti langu linalonuka.

Nilipotoka tukaenda Kiptere sisi wawili. Maua yalikuwa yameshanyauka juu ya kaburi. Nikamwambia anisamehe. Akaokota majani makavu moja moja, kisha akasema, "Nilitaka tu kumwona akishuka, Baba Faith."

Siku hizi jino likinigusa hata kidogo niko kwa daktari siku hiyo hiyo, na nikiona mtu shavu limefura, awe ni nani, awe na shughuli gani, namshika mkono namwambia twende.