Mguu wa Mwalimu wa Udereva

Hebu mwone akiingia sebuleni kwa shemeji yake: mwalimu wa udereva, viatu vinang'aa, anafuta vidole kwa leso kabla hajagusa kitu. Mezani kuna njia ya vigari vya umeme vinavyokimbia kwa kufuata mifereji. Ukibana kidude mkononi kigari kinaenda, ukiachia kinasimama. Mchezo wa ujana wake huo, aliuacha, sasa kaurudia, na shemeji keshamshinda hadi akamchukulia kigari chake chekundu cha zamani. Akishinda leo, anarudishiwa. Kwenye kila kona mguu wake wa kulia unakanyaga zulia, unatafuta breki.

"Shemeji, zulia langu limekukosea nini?"

"Wewe tazama njia. Leo naondoka na mwanangu, kile chekundu."

Mzunguko wa mwisho mwalimu alikuwa anaongoza, kwa kigari cha kuazima. Nyuma yake kigari cha shemeji kikaruka nje ya mfereji, kikatua chini ya kiti. Mguu ukakanyaga, kidole kikaachia, chake kikasimama tuli.

"Hujaumia?" mwalimu akauliza.

Shemeji, huku akicheka, akakirudisha chake njiani, akampita, akamaliza. Naye mwalimu akafuta vidole taratibu, akasema:

"Basi, Jumamosi ijayo?"

Sasa niambie wewe: ni mguu tu uliozoea, au aliogopa kwamba akikipata kigari chake atakosa sababu ya kurudi?