Ijumaa Iliyobaki Ubaoni

Jumanne, saa nane na robo mchana. Ndivyo unavyoanza ukurasa mmoja wa shajara yangu ya kidato cha pili, mwanangu, na leo nimeufungua kwa ajili yako. Umeniambia programu yako imetuma ujumbe kwa wazazi wa shule nzima, na kila mmoja ameitwa Mama Neema, hata wanaume. Nimecheka, unisamehe. Halafu nikakumbuka Kasulu, nilikosoma shule ya bweni.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa na haya kupita kiasi. Nikiulizwa swali darasani nilijibu kwa kidevu. Labda ndiyo sababu Mwalimu Mwanaidi, aliyeletwa kwetu kutoka Tanga, alinipa kazi ya barua za likizo: ya kuandika, si ya kusema. Barua zilikuwa zimechapwa kwa stensili, zote sawa, zenye nafasi mbili tupu: jina la mzazi, na siku ambayo gari litamfikisha binti yake. Nikaandika ubaoni: soma jina, lijaze, jaza siku ya gari, kunja, chukua nyingine, rudia mpaka majina yaishe. Pembeni nikaweka kwa chaki: "Siku ya gari: Ijumaa."

"Jaza tatu, simama, tazama," Mwalimu akanionya, akaenda zake.

Sikusimama. Wasichana wanne walijaza huku wakiimba, mimi nasoma majina kwa sauti ya mbu. Majina ya wazazi wa Kibondo, ambako gari lingefika Ijumaa, yakaisha, tukaingia ya Muyama. Sasa gari la Muyama lilikuwa la Jumatatu, lakini ubaoni Ijumaa ilikaa palepale, na mikono ikaendelea kuinakili.

Nilikuja kushtuka mwishoni, nikikunja barua ya baba yangu mwenyewe, wa Muyama. Nikamwona na baiskeli yake, amesimama barabarani kwenye mvua tangu Ijumaa hadi Jumatatu, akidhani nimepotea. Na barua za Muyama zilikuwa arobaini! Mfuko wa posta ungeondoka kesho yake saa nne.

Nikaikunja, nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza, shajara inasema hivyo. Ningewaambiaje wenzangu warudie, na vidole vyao vimejaa wino? Ila jioni niliacha sahani yangu mezani. Nikaenda kwa Mwalimu, nikamweleza yote.

"Baba yako angengoja siku zote hizo?" akauliza.

"Angengoja, Mwalimu. Yule hajui kuondoka."

Akacheka hadi akaketi. Kisha akawa mkali. "Mwenzio akikosea, imeharibika barua moja. Wewe mwenye maelekezo ukikosea, zimeharibika zote, tena kwa mwandiko mzuri. Kesho kawaambie mwenyewe. Kwa mdomo, si kwa kidevu."

Basi mwanangu, mashine yako ni kama wasichana wale, tofauti yake haiimbi. Itarudia ulichoiambia, haitakuuliza kama Muyama imefika. Kinachobadilika usikiache pembeni. Kiweke ndani ya mzunguko, yale maelekezo yanayorudiwa, kisomwe upya kila jina linaposomwa. Mzunguko wenyewe uuambie uishie wapi. Jaribu watatu kabla ya kutuma kwa wote. Na ukikosea, toka chumbani ukaseme mapema, kabla mfuko haujaondoka. Mungu akupe mikono myepesi na ulimi usioogopa, na kila unayemwandikia akute jina lake.

Mimi asubuhi ile, saa kumi na mbili, niliifuta Ijumaa kwa kiganja. Nikapanda juu ya benchi.

"Nimekosea mimi! Za Muyama tunarudia zote!"

Konsolata wa Kibondo, mmoja wa wale wanne, ambaye barua ya kwao haikuwa na kosa lolote, akanitazama mdomo wazi. "Yoo! Kumbe huyu karani ana sauti!" Wakacheka, wakanizomea kidogo, wakachukua kalamu. Tulijaza tatu, tukasimama, tukatazama. Ya nne ilikuwa ya baba. Hiyo niliijaza mwenyewe: Jumatatu.