Kibogoyo Aliyeachia Kiti

Enzi zetu, Rais wa kwanza wa Marekani alikuwa mimi. Msicheke. Nyinyi mliolelewa Brussels miaka ile, mliovalishwa makoti mawili juu ya gauni la sikukuu, mnanikumbuka: Zuhura wa Evere, kibogoyo, kichwani pamba ya duka la dawa iliyogandishwa kwa uji wa ngano, miguuni soksi za mama zilizovutwa hadi magotini.

Jumamosi zetu, jamani! Waswahili wa mji mzima walikusanyika kwenye ukumbi wa kukodi kule Saint-Josse: sisi Watanzania, Wakenya, na Wakongo wa Lubumbashi. Ukifungua mlango tu, pilau inakupokea, na nyuma yake sombe, kisamvu cha Wakongo, samaki wa kukaanga, na chipsi ambazo kila mama aliapa hataki kuziona na kila mama alizila. Tulicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwenye korido mpaka jirani wa juu agonge sakafu kwa ufagio. Wenzetu wa Lubumbashi walitutania kwamba tunaongea Kiswahili cha taarifa ya habari. Sisi tuliwacheka kwa kusema "mutoto". Mchezo ukinoga, sote tulisema "mutoto".

Mwenyekiti wa umoja wetu wa Waswahili alikuwa baba yangu. Siku za kazi alipakia mizigo uwanja wa ndege. Jumamosi alikuwa Mheshimiwa. Na kiti alikuwa nacho kweli: cha mbao, chenye mikono, mgongo wa mahameli mekundu, alichokinunua kwenye mitumba ya Marolles. Hakukiacha ukumbini, kisije kikakaliwa. Kilisafiri nasi garini, mbele, kimefungwa mkanda, na mama yuko nyuma amebanana na sisi na masufuria.

"Mungu anakuona," mama alimwambia.

"Na anaona naendesha vizuri," baba alimjibu.

Kwa hiyo mimi nilikua nikijua kwamba mwenyekiti ni mtu mwenye kiti. Nani angenieleza vingine?

Tatizo ni kwamba baba alikikalia mno. Uchaguzi ukikaribia, unaahirishwa. Mara baridi, mara Ramadhani, mara ukumbi mdogo. Watu walimtaka Maman Mujinga, mama wa Lubumbashi aliyekuwa msaidizi wake na ambaye ndiye aliyefanya kazi yote. "Mimi nikiondoka, chama kinakufa," baba alisema. Mwaka ule Wakongo wakachoka. Wakasema baada ya sherehe ya kufunga mwaka wanaanzisha chama chao. Mimi nilielewa kitu kimoja tu: Jumamosi zetu zinakwisha, na rafiki yangu Nanou hatakuja tena. Nililia chini ya meza ya makoti.

Kwa ajili ya sherehe hiyo, Anko Ilunga, au Tonton kama walivyosema Wakongo, alituandalia mchezo wa kuigiza. Alikuwa mwanafunzi wa historia chuo kikuu pale Ixelles, na Jumamosi alitufundisha sisi watoto. Alichagua maisha ya Rais wa kwanza wa Marekani. Alipotuambia kwamba bwana huyo aliapishwa akiwa amebakiwa na jino moja la kwake, watoto wote walinigeukia mimi, na nafasi nikaipata papo hapo. Alishinda vita, Tonton alisema, na badala ya kujifanya mfalme akaurudisha ukuu wa jeshi kwa bunge, akaenda zake shambani. Wakamwita tena, wakampa urais. Wengine walitaka aitwe kwa cheo kirefu cha kutukuza. Kikabaki "Bwana Rais" basi. Akatawala vipindi viwili, wakambembeleza aongeze, akasema inatosha.

Nanou akauliza nani alikuwa akililima hilo shamba wakati mwenyewe yuko vitani. Tonton hakuzungukazunguka.

"Batumwa. Alikuwa nabo bengi. Aliandika baachiliwe, lakini nyuma ya kifo yake na ya muke yake. Bon, kiti alijua kuacha mapema. Batu, alichelewa."

Tukarudi kwenye mazoezi.

Siku yenyewe ukumbi ulifurika. Jukwaani kulihitajika kiti cha rais, na kilichofaa kilikuwa kimoja tu. Baba alikitoa kwa madaha, maana binti yake ndiye atakayekikalia. Nilisema maneno yangu yote, mapengo yakipiga mluzi. Mwishoni msimulizi akasoma: "Rais akaachia kiti, akarudi nyumbani." Nilitakiwa niteremke tu niende zangu. Lakini mimi nilisikia "akaachia kiti", na kuachia kiti nilikujua vizuri! Kwenye basi la Chaussée d'Ixelles baba alinifundisha kwa kunifinya bega: "Mtu mzima akisimama, wewe inuka." Nikaangaza ukumbini. Mtu mzima aliyesimama alikuwa Maman Mujinga, sahani mikononi, amegawa chakula tangu asubuhi. Basi nikakikokota kile kiti, kikilia sakafuni, hadi mbele yake.

"Karibu ukae, Maman."

"Eh! Weye mutoto! Kiti ya papa yako unanipatia miye?"

Baba akasimama. Pamba ikaanza kuniteremkia machoni. Baba aliniangalia mimi, akakiangalia kiti, akamwangalia Maman Mujinga na sahani zake. Nikaona mdomo unamcheza. Mara akaangua kicheko, baba yangu, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nimemfundisha mwenyewe," alisema. "Kaa, Maman. Kaa, ni chako."

Vigelegele! Jirani wa juu alishuka mwenyewe kulalamika, akapewa sahani ya pilau, akakaa. Wakongo hawakuondoka, na Nanou hadi leo ni dada yangu. Tonton Ilunga alipoulizwa kama alipanga, alifungua mikono: "Miye? Mi nilibafundisha histoire tu. Ya kiti, donc, haikukuwa mu théâtre." Sijui kama nimwamini.

Rais yule alirudi shambani. Baba alirudi kwenye ndoo zake alizopandia mchicha, kwenye roshani ya ghorofa yetu kule Evere. Waliomwita Mheshimiwa wakamwita Baba Zuhura. Na mama, jamani, akarudi kiti cha mbele, akajifunga mkanda polepole kama anavaa mkufu.

Siku hizi? Kwenye basi lilelile kijana kaziba masikio, kafumba macho, na bibi wa watu ananing'inia juu yake. Umoja wetu umehamia kwenye simu, kila mtu ni admini na hakuna anayetoka. Tunatumiana picha za pilau. Natamani kelele za ile korido hadi ufagio wake.

Mwenyekiti wa sasa ni mimi. Ndiyo, kiti kiko kwangu, mahameli yamechakaa. Kipindi changu kimekwisha, nao wananibembeleza: Zuhura, ongeza kidogo tu, nani mwingine ataweza? Maneno hayo ni matamu, we acha. Jumapili nikampigia baba simu, nikamweleza yote: vijana hawana muda, watu hawajitolei, mimi nikiondoka chama kinakufa. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza niko wapi. Nikamwambia niko nyumbani, nimekaa.

"Umekaa kwenye nini?"

Nikayapapasa mahameli.

"Inuka, mwanangu," alisema, na nilisikia anacheka. "Mama yako amepika mchicha. Njoo ule."