Fundi Makochi na Chelezo Chake

Fundi makochi alianza kuvua samaki akiwa na umri wa kuchezesha wajukuu, tena hana hata mjukuu mmoja. Mkewe alikuwa ameshazikwa, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba friji likinguruma anashtuka. Siku za kazi zilikuwa na nafuu: kuna nyundo, misumari na wateja wasumbufu. Jumamosi ndiyo iliyokuwa ikimtoa roho. Basi akanunua mshipi na ndoano, akakata ufito, akaenda bwawani nyuma ya kiwanda cha matofali.

Chelezo, kile kidude kinachoelea juu ya maji na kuzama samaki akila, alijitengenezea kwa sponji la makochi. Nani angemfundisha yeye habari za sponji? Likaelea kwa maringo. Baada ya muda likaanza kushuka polepole. Fundi akaruka, akavuta kwa nguvu zote, ndoano ikapaa na kunasa kwenye kofia yake mwenyewe.

Pembeni, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikaa dereva wa lori mstaafu. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mzee mwenzangu, hapo hakuna samaki. Hilo sponji lako limeshiba maji!"

Akamfundisha. Tafuta kitu kisichonywa maji. Raba ya kandambili ndiyo yenyewe. Kifunge ili ndoano ining'inie karibu na tope bila kuligusa. Kikitikisika tu, tulia. Kikizama chote, vuta. Wakati wa kuagana akauliza, kama watu wanavyouliza, "Mama hajambo nyumbani?"

Hapo fundi angesema ukweli. Mtaani kwake kila mtu aliujua, na kila mtu alikuwa ameshachoka kumpa pole. Huyu hakuujua.

"Hajambo," akajibu. Njia nzima alitembea kama mtu anayesubiriwa nyumbani.

Tangu hapo Jumamosi zikawa na utamu wake. Fundi anakamua sponji, anatupa, anakamua tena, na maneno yanakwenda.

"Mama anakusalimu."

"Nisalimie sana. Kile kikohozi?"

"Kimepoa. Ila leo amenuna, nimeweka minyoo ya chambo jikoni."

Alijua anadanganya, na usiku aliona haya. Lakini duniani palibaki mahali pamoja tu ambapo mkewe alikuwa hai, napo ni kwenye mazungumzo na yule dereva. Hakuwa tayari kupapoteza.

Dereva naye hakuchoka kumcheka kwa lile sponji, mpaka fundi akaamua kutafuta raba. Viatu vyake vyote vilikuwa vya ngozi. Kandambili zilizokuwamo ndani ni za mkewe, za rangi ya waridi, mlangoni pale pale alipozivua siku ya kwenda hospitali. Akakaa chini akazitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akachukua kisu cha kazi, akakata kisigino cha ile ya kushoto, huku akilia kwa sauti kwa kuwa hakukuwa na wa kumsikia.

Jumamosi chelezo kilisimama wima majini. Kikatikisika; akatulia. Kikazama chote, akavuta, na perege mnono akaja akirukaruka kwenye nyasi. Dereva alishangilia kuliko mwenye samaki. Akamshika perege amtoe ndoano, na macho yake yakatua kwenye ile raba ya waridi.

"Weee! Umekata kandambili za mama? Leo hulali ndani, mzee!"

Fundi akafungua kinywa arudishe utani. Ulikuwapo, umeshaiva. Haukutoka.

"Hazivai tena," akasema. "Alifariki. Mwaka jana."

Dereva akabaki na samaki mkononi.

"Na zile salamu ulizokuwa unaniletea?"

"Nilikuwa nazitunga njiani," fundi akasema, "nikija huku."